Dirisha, Mwambie Mzee

Mlimwacha karani Damari amesimama dirishani, kadi ya mlalamikaji mkononi, mdomo wazi kama sanduku la posta. Bado uko wazi. Ninyi wiki nzima mmekula, mmelala, mmekwenda sokoni mkarudi, yeye hajatoa sauti.

Maana jina lililoandikwa kwenye ile kadi lilikuwa la baba mkwe wake.

Kama wewe ni Mnyakyusa, hapo umeshashika kichwa. Kama si Mnyakyusa, nikueleze haraka haraka, kwa sababu Kalinga yuko nyuma ya Damari anahesabu pumzi. Kule Rungwe mke wa mtu hamtazami baba wa mumewe. Hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Na jina lake halipiti mdomoni mwa mkwe, hata akiwa anaota. Damari alikuwa na mwaka wa tatu katika ukoo ule, na vitu alivyovijua vya mzee ni viwili tu: kikohozi chake na nyayo zake. Uso, hapana. Jina lenyewe hata mimi sitaliandika hapa. Nitamwita mzee, yatosha.

"Ita!" alisema Kalinga.

Huyu Kalinga ndiye mkubwa wa Idara ya Malalamiko ya Kampuni ya Mabasi ya Mbawala, Mbeya. Mtu wa Kihesa, Iringa, mwembamba, anavaa saa mbili, moja mkononi na moja mfukoni, na hazijawahi kukubaliana. Sheria zake alizibandika ukutani, na kila Jumatatu alibandika nyingine juu yake, mpaka ukuta ukanenepa. Iliyokuwa juu wiki ile ilisema: kila kadi iitwe kwa sauti mara tatu. Mwenye jina asipoitika, kadi ipigwe muhuri IMEKWISHA. Karani asipoita, achorwe alama nyekundu ubaoni. Alama tatu, nje.

Damari alikuwa nazo mbili.

Ya kwanza aliipata kwa kumpa mteja kiti. Ya pili kwa kumwambia mteja pole. "Pole ni kukiri kosa!" alifoka Kalinga siku ile. "Umeiuza kampuni!"

Alama ya tatu ingekuwa balaa. Chumba alicholala Damari kilikuwa cha kampuni. Kazi ikienda, chumba nacho kimekwenda. Na mumewe Asukile, aliyekuwa kwenye mashamba ya tumbaku Iringa, alikuwa amemwandikia mwezi wa tano: Tumbaku ikiisha nitapanda Mbawala, usihame, nitakukuta hapo hapo dirishani. Siku hakuitaja. Sasa ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya inauma masikio, na kila basi la Iringa likiingia, shingo ya Damari inarefuka kama ya twiga. Dirisha lile alilichukia kama dawa ya minyoo, lakini ndipo mahali pekee ambapo Asukile alijua pa kumtafuta.

"Nimesema ita!"

"Ita basi, dada," alinong'ona Rozalia, karani wa meza ya pili. "Umemeza mfupa?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni baba mkwe."

"Sasa mkwe si mtu?" Rozalia naye ni wa Iringa, mambo haya alikuwa anayasikia tu. Lakini alipoona mwenzake hatanii, aligeuka. "Bwana Kalinga, nimwitie mimi?"

"Kila mbuzi ale kwa kamba yake!" Kalinga alishachukua chaki nyekundu. "Nahesabu. Moja."

Huko nje, upande wa pili wa dirisha, mtu akakohoa.

Kile kikohozi.

Damari hakuamua kitu. Alijikuta yuko chini ya kaunta, kati ya kapu la karatasi na mizigo isiyo na wenyewe, kadi bado mkononi.

"Loo! Karani ameanguka!" sauti ya mwanamke ilisema kwenye foleni.

"Hajaanguka," mwingine akajibu. "Ndiyo desturi ya hapa. Ukifika dirishani wanazama."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Fimbo yake ilipiga kaunta, ko!, juu kabisa ya kichwa cha Damari.

"Mimi sijaja kuitwa jina. Jina langu nalijua. Nimekuja kumwona mtu aliyeandika barua hii."

Kalinga alisogea dirishani na lile tabasamu lake la wageni. "Barua ipi, mzee wangu?"

"Isome. Isome kwa sauti. Si ni yenu?"

Kalinga akakohoa kidogo, akasoma:

"Ndugu mteja. Mzigo wako umepotea kwa sababu uliufunga vibaya. Kampuni haihusiki. Tunakushauri utafute mwingine. Na safari ijayo uuandike jina kwa wino usiofutika."

Kule chini Damari aliyatambua maneno yale.

Ile ilikuwa barua namba nne. Pale idarani barua za majibu zilikuwa nne tu, zote alizitunga Kalinga mwenyewe siku moja mvua inanyesha. Kila asubuhi makarani waliandika barua namba moja ishirini, namba mbili ishirini, mpaka namba nne, wakiacha nafasi ya jina. Jioni Kalinga anajaza majina, analamba bahasha, anapeleka posta. Karani hajui anamwandikia nani. Na mwandiko wa namba nne, ulioinama kulia kama mgomba uliosukumwa na upepo, ulikuwa wa Damari.

Alikuwa amemtukana baba mkwe wake kwa wino wa kampuni.

"Barua hii ilisomwa mbele ya wazee wa kanisa," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ya chini ndiyo inayotisha. "Mwinjilisti alipofika hapo kwenye wino akavua miwani. Akaniuliza, mzee, niendelee? Nikamwambia endelea. Basi leo nataka kumwona huyo mwandishi. Sitampiga. Nataka nione uso wake tu."

Uso wake tu! Yaani kati ya vitu vyote duniani, mzee alikuwa ameomba kile kimoja ambacho hapaswi kupewa.

Kalinga hapo angeweza kusema maneno ni yangu mimi. Angeweza. Lakini mtu aliyezoea kupita mlango wa uani haulizi mlango wa mbele uko wapi.

"Mwandishi ni huyu hapa chini, mzee. Hata sasa anajificha, unaona tabia yao? Damari! Toka hapo! Simama umwonyeshe mzee uso, uombe radhi!"

"Bwana Kalinga, nakuomba."

"Mbili!"

"Bwana, tafadhali, si kwamba nakataa."

Kalinga aliinama, akamkamata mkono wa gauni, akavuta. Damari akashika mguu wa kaunta. Kaunta ikalia, wino ukamwagika juu ya sheria za Kalinga, Rozalia akapiga kelele. Damari kwa mkono wake mmoja uliobaki akavuta turubai lililofunika mizigo, akajitupia kichwani mpaka miguuni.

Sasa akawa kama gunia. Gunia linalopumua.

Na ndani ya lile giza lenye harufu ya samaki wakavu, akakumbuka namna bibi yake alivyokuwa akifanya, zamani, mkwe alipopita karibu na shamba. Bibi hakusema na mkwe. Alisema na jembe. Jembe, mwambie anayepita kwamba ng'ombe wameingia kwenye mahindi yake. Na jembe lilifikisha habari.

Damari akavuta pumzi.

"Dirisha," alisema kutoka ndani ya turubai, "mwambie mzee aliyekuja kwamba humu ndani kuna mtu ambaye hawezi kuonekana naye."

Foleni ikanyoosha shingo.

"Tata gwe!" alimaka kwa Kinyakyusa mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi. Akawageukia wenzake. "Fungeni midomo yenu! Humo chini kuna nkamwana, kuna mkwe wa mtu!"

Fimbo ya mzee ilianguka sakafuni. Hakuiokota. Aligeuka nyuma, akaipa ofisi kisogo, akavua kofia akaiweka usoni. Watu waliomfahamu na wasiomfahamu wakajigawa pande mbili kumpa nafasi. Kalinga alibaki ameshika kipande cha gauni, anatazama kisogo huku na turubai kule.

"Hii ni nini?" aliuliza. "Hii ni nini katika saa za kazi?"



"Dirisha," mzee alisema ndani ya kofia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayebisha hodi. "Muulize huyo mtu ni mke wa nani."

"Dirisha, mwambie ni mke wa Asukile."

Mzee akaibana kofia usoni kwa mikono miwili. Nyuma ya kaunta saa mbili za Kalinga zilisikika zikigombana.

"Dirisha," Damari aliendelea, machozi yanamdondoka juu ya kadi, "mwambie mkono ulioandika barua ile ni wangu. Maneno si yangu. Lakini mkono ni wangu, na kama kuna adhabu, mkono huu upo."

"Dirisha, mwambie mkono hauna kosa." Mzee alisema hivyo upesi, kama mtu anayeondoa kiti njiani ili apite. "Barua nimekwisha kuisahau. Muulize jambo moja. Asukile yuko kwake?"

"Dirisha, mwambie hayuko kwangu. Yuko Iringa, kwenye tumbaku."

"Dirisha." Mzee akasimama hapo. Akaanza tena. "Dirisha, mwambie Asukile hayuko Iringa. Aliniandikia amekata tiketi. Alipanda Mbawala siku ya Jumatatu, leo ni wiki tatu na siku nne. Nilimngoja Tukuyu siku ile mpaka lori la mwisho. Hajashuka."

Hebu ngoja. Rudi juu uisome tena ile barua namba nne.

Mzee hakuwa amepoteza sanduku. Alikuwa amepoteza mtoto. Alikwenda kwa mwinjilisti, wakapata fomu ya malalamiko ya Mbawala, na fomu ile, kazi ya mikono ya Kalinga, ilikuwa na visanduku vinne vya kutia alama: mzigo umechelewa, mzigo umevunjika, mzigo umelowa, mzigo umepotea. Cha mtu hakikuwamo. Wakaitazama fomu, wakatazamana wao, wakatia alama kwenye kile cha nne kwa kuwa ndicho kilichokaribia ukweli. Chini wakaandika habari yote kwa kirefu, jina la mtoto, siku, basi. Hakuna aliyesoma chini. Alama ya nne, jibu namba nne. Mzee akajibiwa kwamba mtoto alimfunga vibaya, na atafute mwingine.

"Dirisha, mwambie nilidhani labda amepitia kwa mkewe anapumzika," mzee alisema. "Ningemuulizaje mimi? Hata kazi yake sikuijua. Nilimtuma shangazi yake Jumapili mbili. Mara zote mbili alikuta kufuli."

Bila shaka alikuta kufuli. Kalinga alikuwa amezifuta Jumapili za mapumziko tangu mwezi wa sita.

Rozalia akainuka. "Bwana Kalinga," alisema, "taarifa za madereva za wiki ile ziko wapi?"

"Habari za watu si za idara hii. Hapa ni mizigo. Watu ni Idara ya Tiketi, mlango unaofuata."

"Mlango unaofuata umefungwa tangu Pasaka."

"Basi wangoje ufunguliwe!" Kalinga alinyakua muhuri, akaupulizia pumzi. "Kadi hiyo ilete. Nafunga shauri."

Kutoka chini ya turubai ukatoka mkono. Haukuwa na kadi. Ulikuwa wazi, kiganja juu, kama mtu anayengoja kitu apewe.

"Taarifa, bwana," alisema Damari.

"Ziko Iringa."

"Ziko kwenye kabati hilo," Rozalia alisema, "na ufunguo umeuning'iniza shingoni chini ya tai. Jioni ukipiga miayo tunauona."

Foleni ikacheka, lakini ilikuwa inasogea. Mama mwenye kikapu alikuwa ameshaweka ndizi zake juu ya kaunta na kiwiko chake juu ya ndizi. Nyuma yake walikuwa watu thelathini, kila mmoja na barua yake namba fulani mfukoni.

"Fungua kabati, bwana mkubwa," mama alisema. Alisema taratibu, kama anavyomwambia mtoto avue viatu vya matope.

Kalinga alitazama kabati. Halafu akafanya jambo ambalo Damari hakulitegemea: akachuchumaa mbele ya turubai, akateremsha sauti.

"Damari. Wewe huwajui wakubwa wa kampuni kule Iringa. Kila Ijumaa wanapiga simu ya upepo: malalamiko mangapi? Nikisema kumi, wananiuliza kwa nini si tano. Nikisema tano, kwa nini si mbili. Wiki mbili sasa nawaambia hakuna. Hakuna hata moja! Wamenipongeza. Nikilifungua kabati hilo nitawaambia nini? Nina watoto sita Kihesa, Damari."

Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. Na kusema kweli Damari alimwonea huruma, dakika moja hivi. Hata mbwa anayekuuma naye kuna mtu anamvuta mnyororo.

"Bwana Kalinga," alisema, "na mimi nina mmoja. Mmoja tu. Fungua."

Ufunguo ukatoka chini ya tai.

Kabati lilipofunguliwa, karatasi hazikungoja kutolewa. Zilijimwaga zenyewe mpaka magotini mwa Kalinga. Zote zimepigwa muhuri. IMEKWISHA, IMEKWISHA, IMEKWISHA. Watu walinyoosha shingo dirishani kila mmoja akitafuta mwandiko wake. Rozalia alipiga magoti akawa anachambua kama anachambua mchele: hii si yenyewe, hii si yenyewe, hii ya mwezi wa pili, Mungu wangu, hii bado ina kinyesi cha kuku.

Kisha akaacha kuchambua.

"Dada," alisema. "Hii hapa. Ya Jailos, dereva."

"Soma."

"Abiria mmoja, kijana, ameshikwa na homa kali toka Makambako. Hawezi kukaa wala kusema. Nimemshusha Igawa, nimemlaza kwenye baraza ya duka, mwenye duka ni mtu mwema. Nilimsachi mfukoni, nimekuta tiketi yenye jina Asukile. Ofisi iwaarifu jamaa zake upesi. Upesi." Rozalia akaugusa mstari wa mwisho kwa kidole. "Ameandika upesi mara mbili."

"Muhuri?"

"Upo. Siku ile ile aliyoileta."

Mzee alikuwa bado amewapa kisogo. Mabega yake yaliteremka kidogo, kama mtu aliyetuliwa gunia moja akatwishwa lingine. Wiki tatu na siku nne! Homa haingoji wiki tatu. Homa huua kwa siku tano, au huondoka.

Damari akasimama.

Alisimama na turubai lake, kuanzia utosini hadi vifundoni, akatoka nyuma ya kaunta akipapasa ukuta.

"Unakwenda wapi?" Kalinga aliuliza.

"Basi la Iringa linaondoka saa saba. Linapita Igawa."

"Ni saa za kazi! Kuna watu thelathini dirishani! Damari, ukivuka mlango huo nachora alama ya tatu, na ukirudi utakuta chumba kina mtu mwingine. Nakuapia."

Hapo ndipo mguu wa Damari ulipokwama. Msidhani ni rahisi. Kama Asukile yu hai, alishapona, yuko njiani kwa miguu au kwa lori la mtu, atafika wapi? Atafika dirishani. Atakuta uso wa mwingine. Na kama hayuko hai, basi dirisha, chumba, Igawa, vyote ni bure. Akibaki, analinda ahadi. Akienda, anaivunja ili akaitafute.

Alinyoosha mkono nje ya turubai, akapapasa ubao, akaikuta chaki.

"Usijisumbue, bwana," alisema. Akachora alama ya tatu mwenyewe, ndefu, mpaka chaki ikakatika.

Foleni ilishangilia kama mpira umeingia golini. Damari hakungoja. Aligeuzia uso ukutani, akapita nyuma ya mzee kwa ubavu, hatua moja moja, wakipeana visogo kama milango miwili ya kabati.

"Dirisha," alisema alipofika mlangoni, "mwambie mzee nakwenda Igawa."

"Dirisha," mzee alijibu ndani ya kofia, "mwambie na mimi nakwenda."

Mama wa ndizi alipiga paja. "Na basi ni moja! Sasa mtapandaje, ninyi watu?"

Swali la maana kabisa. Mbeya hadi Igawa ni saa tano za vumbi, kama basi lina afya. Saa tano ndani ya sanduku moja la bati, watu wawili ambao hawaruhusiwi kuonana! Mama alikwenda nao mpaka stendi, akisimamia kama msimamizi wa harusi. Mzee alipandishwa mbele, kiti cha karibu na dereva, akaambiwa asigeuke hata basi likiungua. Damari alipandishwa kwa mlango wa nyuma, akakalishwa sakafuni kati ya magunia ya viazi na jogoo mmoja mwenye hasira, turubai kichwani. Abiria walioona turubai likipanda ngazi lenyewe walifanya ishara ya msalaba, Wakatoliki na wasio Wakatoliki.

"Vumilia, nkamwana," mama alisema kupitia dirishani, akamtupia ndizi tatu. "Utamkuta. Homa ya Igawa haina nguvu, inatoka bondeni."

"Ndaga, mama," Damari alishukuru.

Rozalia naye alifika anakimbia, viatu mkononi. "Bwana Kalinga amekaa sakafuni kati ya karatasi," alisema akihema. "Anazisoma. Moja moja. Mara ya kwanza namwona anasoma!" Akamshika Damari mkono kupitia dirisha la basi. "Asukile akija ofisini nitamwambia ulikokwenda. Kila atakayeitwa Asukile nitamwambia."

Kengele ikalia. Dereva akazunguka basi kukagua mizigo, kama ilivyo kazi yake, akaufungua mlango wa nyuma. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufi na penseli sikioni.

"Turubai hili ni la kampuni," alisema. "Mbona lina miguu?"

Damari alilifunua kidogo, upande wa dereva tu. "Kaka, wewe ndiye Jailos?"

"Ndiye mimi."

"Wewe ndiye uliyemshusha kijana Igawa? Mwenye homa? Wiki tatu zilizopita?"

Uso wa Jailos ukachangamka. "Ee! Kumbe mnasoma! Mimi nilijua karatasi zangu mnafungia karanga. Naam, nilimshusha mimi."

"Ni mzima?" Damari alimkamata kiatu, maana ndicho kilichokuwa karibu. "Kaka, niambie, ni mzima?"

"Mzima kabisa! Nilipita wiki iliyofuata nikamkuta anakunywa uji. Amekonda, safari bado haiwezi, lakini anacheka."

Damari alitaka kulia na kucheka vyote pamoja, jogoo akamtangulia. Yu mzima! Anakunywa uji! "Basi twende," alisema. "Endesha, kaka, twende haraka!"

"Twende wapi? Igawa?" Jailos alikuna shingo. "Igawa hayupo tena, dada. Juzi nimepita, mwenye duka akaniambia ameshachukuliwa. Lilikuja lori la mpunga toka Rujewa, likambeba pamoja na kifurushi chake."

"Amechukuliwa na nani?"

"Na mkewe."

Injini ilikuwa inanguruma. Damari alidhani hakusikia.

"Na nani?"

"Na mkewe, dada. Mwanamke wa haja, amevaa vizuri, alimlilia sana mbele za watu. Mwenye duka ni mtu makini, hawezi kumtoa mgonjwa hivi hivi, akamwandikisha jina." Jailos alichomoa daftari mfukoni, akalamba kidole, akafunua. "Nami nikalinakili ili nilete ofisini, maana ninyi mnapenda majina. Hili hapa. Damari, mke wa Asukile, karani wa dirisha la malalamiko, Mbeya."

Akatoa penseli sikioni, akamtazama yule mwanamke aliyekaa sakafuni kati ya viazi.

"Na wewe, dada," aliuliza, "nikuandike nani?"